Moto wa Petroli na Moto wa Umeme

Yako mabishano yanayosikika siku hizi katika vijiwe vya bodaboda, katika vituo vya bajaji na hata katika maofisi, nayo yahusu vyombo vinavyokwenda kwa nguvu ya umeme. Upande mmoja wako wanaosema kwamba pikipiki au gari la umeme ni bomu lililotiwa magurudumu, na ya kuwa mtu mwenye akili timamu hawezi kulilaza karibu na nyumba yake. Upande wa pili wako wanaoapa kwamba chombo kisichotiwa petroli hakiwezi kushika moto, kwa kuwa hakina kitu cha kuwaka. Kila upande wavuta kamba kwake, na katikati yao amesimama mwananchi anayetaka kununua chombo cha kumpatia riziki, naye hajui amwamini nani.

Sisi twasema kwamba pande zote mbili zimekosea, na ya kuwa kosa la kila upande laweza kuua watu. Anayeuogopa umeme kwa uvumi huenda akarudi kwenye dumu la petroli alilolificha chini ya kitanda, asijue kwamba amekimbia mvua akaingia mtoni. Na anayeuamini umeme bila ya kuujua huenda akalaza betri mlangoni mwa chumba wanamolala wanawe. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kulipambanua jambo hili, ili kila mtu ajue adui wake ni yupi na huingia kwa mlango gani.

Tuanze na petroli, kwa kuwa hiyo ndiyo tuliyoizoea, na wahenga walisema mazoea yana taabu. Watu wengi hudhani kwamba petroli yenyewe ndiyo inayowaka. Hasa kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi kali inayogandisha maji, sembuse katika joto la Dar es Salaam au Tanga. Nao ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini kama maji yaliyomwagika, ukaingia mitaroni, chini ya milango na chini ya vitanda, mpaka ukutane na jiko la mkaa, kibatari, sigara au cheche ya swichi. Ndipo moto unaporudi mbio kwa njia ileile mvuke uliyopitia, na mwenye petroli hapati nafasi hata ya kupiga kelele.

Nani katika Afrika ya Mashariki asiyeyajua matanga ya petroli? Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaenda kuchota. Moto ulipolipuka waliangamia watu zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, mashariki ya Kongo, lori jingine lilipinduka, na waliokufa walizidi 200, wakiwamo waliokuwa wamekaa zao wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Na sisi wenyewe, tarehe 10 Agosti 2019, tuliyaona ya Msamvu, Morogoro. Lori lilianguka, watu wakakimbilia na madumu, na petroli ikawatwaa vijana na wazee pamoja. Hao nao walizidi 100. Majonzi yale hayajafutika, na wala hayafai kufutika.

Lakini misiba mikubwa kama hiyo huandikwa magazetini. Ile midogo hufa kimyakimya pamoja na wenyewe. Katika vijiji vingi visivyo na kituo cha mafuta, petroli huuzwa katika chupa za maji kando ya njia, na usiku chupa hizo huingizwa ndani, wanamolala watu na panapowashwa taa. Dereva wa bodaboda hutia mafuta huku abiria amekaa juu ya tangi, na mwingine hutia huku akizungumza na sigara mdomoni. Haya twayaona kila siku wala hatushtuki. Ingekuwa petroli imeletwa nchini jana, na tukaambiwa kwamba kila mtu atabeba lita kumi za kitu cha namna hii kati ya mapaja yake, bila ya shaka tungaliandamana kuikataa!

Je, basi, umeme ni salama zaidi? Tutazame hesabu za wale waliotutangulia. Nchi ya Sweden ina magari mengi ya umeme, na serikali yake huhesabu mioto. Katika mwaka 2022 nchi hiyo ilikuwa na magari ya umeme, pamoja na yale ya mseto, yapatayo 611,000, na yaliyoshika moto mwaka huo yalikuwa 23. Magari ya petroli na dizeli yalikuwa kama milioni 4.4, na mioto yake huwa kama 3,400 kwa mwaka. Ukipiga hesabu utaona kwamba liliungua gari moja la umeme katika kila magari 26,000 na zaidi, hali la petroli au dizeli huungua moja katika kila magari 1,300 hivi. Tofauti hiyo ni kama mara 20.

Msomaji mwenye hekima atatuambia, na atakuwa na haki, kwamba magari ya umeme yaliyo mengi bado ni mapya, na ya kuwa gari lililochakaa huungua upesi kuliko jipya, liwe la namna yoyote. Hilo ni kweli, na kwa ajili hiyo hatusemi kwamba tofauti hiyo ya mara 20 itadumu milele. Lakini hata ukiipunguza kwa nusu, na hiyo nusu ukaipunguza tena, bado yule anayeliita gari la umeme bomu hana pa kusimama.

Uvumi nao hukimbia kuliko moto wenyewe. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 2023, jengo la kuegeshea magari katika uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, liliteketea pamoja na magari zaidi ya 1,400. Kabla moshi haujatulia, watu wengi walikwisha kata hukumu kwamba ni gari la umeme. Wazima moto walieleza kwamba moto ule ulianzia katika gari la dizeli. Waliosikia uvumi ni wengi mno, na waliosikia maelezo ni wachache. Hivyo ndivyo uwongo unavyopanda gari la moshi, na ukweli ukafuata kwa miguu.

Hata hivyo hatukuja hapa kuusifu umeme, maana moto wa betri nao una tabia zake, nazo si nzuri. Betri zinazotumika sasa katika vyombo vingi ni za madini ya lithiamu, nazo zimeundwa kwa seli nyingi ndogo zilizopangwa pamoja. Seli moja ikipondwa, au ikijazwa umeme kupita kiasi, au ikiwa imeundwa vibaya tangu kiwandani, huanza kupata joto. Joto hilo likipita mpaka wake, seli hujipasha moto yenyewe bila ya kuhitaji cheche ya nje, kisha huiambukiza jirani yake, na jirani humwambukiza wa pili, mpaka betri nzima iwe tanuru. Dakika ile hutoka moshi mzito wenye sumu, nao ni moshi unaoweza kuwaka wenyewe, na katika chumba kilichofungwa waweza hata kulipuka.

Moto wa petroli huwaka kwa ghadhabu, lakini ukizimwa umezimika. Moto wa betri ni mnafiki. Waweza kuuona umelala, na baada ya saa kadhaa, na pengine baada ya siku kadhaa, ukaamka tena. Povu na unga wa zimamoto havifiki ndani ya seli zinakopikika. Kinachotakiwa ni maji, na maji mengi, ya kuipoza betri mpaka joto lake liishe. Tarehe 1 Agosti 2024, gari moja la umeme lililokuwa limeegeshwa tu, wala halikuwa likijazwa umeme, lilishika moto chini ya majumba ya kupanga katika mji wa Incheon, Korea ya Kusini. Iliwachukua wazima moto saa zipatazo nane kuushinda moto ule, na magari makumi kwa makumi yaliharibika. Baadaye ilionekana kwamba mtambo wa kunyunyiza maji ulikuwako, ila ulizimwa na mfanyakazi kwa mkono wake. Basi betri ilianzisha msiba, na mkono wa mwanadamu ukaukuza.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu, ambacho wabishi wa vijiweni hawakigusi kabisa. Hatari kubwa ya umeme haiko katika magari makubwa. Iko katika vyombo vidogo. Katika hesabu zilezile za Sweden za mwaka 2022, mioto ya vyombo vya umeme vya kila namna ilikuwa 106. Magari, kama tulivyosema, yalikuwa 23. Lakini skuta ndogo za kusimamia zilikuwa 38, na baiskeli 20. Na katika jiji la New York, mwaka 2023, betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta, zilisababisha mioto 268, nayo ikaua watu 18.

Kwa nini kidogo kikaua kuliko kikubwa? Jawabu si gumu. Gari hulala nje. Baiskeli na skuta hulala ndani pamoja na mwenyewe. Betri ya gari hufungwa katika kasha la chuma lenye vyombo vya kuipoza na kuilinda. Betri ya chombo cha bei ndogo aghalabu haina ulinzi huo. Gari hutengenezwa na fundi aliyesomea. Betri ya baiskeli hufumuliwa na mtu wa mtaani, akaondoa seli zilizokufa akapachika nyingine alizozitoa katika betri kuukuu. Na baadhi ya waliopata misiba ile ya New York walikuwa watu wa hali ya chini, wachukuzi wa vyakula wanaohitaji betri mbili tatu kwa siku, waliozijaza umeme usiku kucha katika vyumba vidogo, tena karibu na mlango. Betri iliposhika moto, mlango ndio uliokuwa wa kwanza kufungwa na ndimi za moto.

Wasomaji wetu hawana haja ya kwenda New York ili waione picha hiyo. Watazame nyumba zetu za kupanga katika Manzese, Mbagala, Tandale au Buguruni. Nyumba moja ina vyumba sita au nane, ukumbi mmoja mwembamba katikati, na mlango mmoja wa mbele. Madirisha yametiwa nondo kwa ajili ya wezi. Kila chumba kina jamaa yake, na umeme wote wa nyumba wapita katika waya zilizotandazwa zamani kwa ajili ya taa na redio, nao sasa wabeba friji, pasi, feni na televisheni. Ndani ya nyumba hiyo atarudi kijana dereva wa pikipiki ya umeme saa nne ya usiku, amechoka, ataegesha chombo chake ukumbini kwa kuogopa wezi, ataunganisha waya wa ekstensheni, atatia betri umeme, na atalala. Je, jamaa nane walio nyuma ya pikipiki ile watapita wapi ikitokea bahati mbaya?

Hatumlaumu kijana huyo. Akiiacha nje itaibwa, na ikiibwa deni la mkopo halitaibwa pamoja nayo. Asipoijaza usiku hana kazi asubuhi. Amefanya lile ambalo mtu yeyote mwenye jamaa angalilifanya. Wanaopaswa kuulizwa ni wale waliomletea chombo bila ya kumwandalia mahali pa kukijaza, na wale wenye mamlaka watakaokaa wakingoja maiti kwanza ndipo watunge kanuni.

Wala wakati wa kungoja haupo, kwa kuwa mkondo wa dunia umekwisha geuka. Ethiopia ilizuia mwaka 2024 kuingizwa nchini kwa magari madogo ya petroli na dizeli. Rwanda iliamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kuchukua abiria katika Kigali ziwe za umeme. Katika Nairobi na katika miji yetu vyombo hivyo vyaongezeka. Twakubali kwamba vina faida zake: havitoi moshi, havina kelele, na nguvu yake yaweza kutoka katika maporomoko ya maji yetu wenyewe badala ya mafuta yanayonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Lakini faida hizo zote haziwezi kumrudisha mtoto mmoja aliyeungua usingizini.

Tena hatari hazilingani kwa vyombo vyote vya umeme. Viko vile vigari vidogo vya viwanja vya gofu, ambavyo siku hizi huonekana pia katika mahoteli ya pwani vikichukua wageni na mizigo. Vingine huendeshwa kwa petroli, na hatari yake ni ileile ya petroli, hasa mpira wa mafuta unapochakaa na kuvuja juu ya injini ya moto. Vingine huendeshwa kwa betri za zamani za risasi na tindikali. Betri hizo zikijazwa hutoa hewa ya hidrojeni, nayo ikifikia sehemu nne tu katika mia ya hewa ya chumba yaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo banda la kujazia vigari hivyo halifai kuwa ghala lililozibwa pande zote. Yataka liwe wazi juu na pembeni, kwa kuwa hidrojeni ni nyepesi na hupanda. Na vile vipya vya lithiamu havitoi hidrojeni vinapojazwa kwa kawaida, ila navyo vina ule moto mnafiki tulioueleza. Mwenye hoteli anayebadilisha betri bila ya kubadilisha chaja amenunua msiba kwa fedha yake.

Kadhalika yako magari na bajaji zilizotiwa mitungi ya gesi asilia. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja mahali pa wazi hupanda juu ikapotea, na kwa hilo ni afadhali kuliko petroli. Lakini hukaa ndani ya mtungi kwa mgandamizo mkubwa mno, na mtungi usio halali, au uliofungwa na fundi asiyejua, ni silaha. Hata gesi ya kupikia, ambayo ni nzito na hutambaa kama mvuke wa petroli, ilitufundisha somo huko Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ilipolipuka katikati ya makazi ya watu, ikaua watu na kujeruhi mamia. Mahali pale palikuwa pamekwisha nyimwa kibali. Kibali kilinyimwa katika karatasi, na kazi ikaendelea katika ardhi. Kanuni isiyokuwa na mkaguzi ni sawa na kufuli iliyotundikwa mlangoni bila ya kufungwa.

Liko na jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa pwani hasa. Betri ya lithiamu iliyozama katika maji ya chumvi yaweza kushika moto baadaye, hata ikiwa imekwisha kauka, kwa sababu chumvi huacha njia ya umeme ndani yake. Katika jimbo la Florida, Marekani, baada ya tufani ya mwaka 2022 iliyoitwa Ian, magari kadhaa ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka moto siku zilizofuata. Tangu hapo wakubwa wa huko huwaonya wananchi, kila tufani inapokaribia, waondoe magari yao ya umeme, na vigari vya gofu pia, wakayaegeshe mahali pa juu. Basi sisi wenye visiwa, wenye vivuko, na wenye Jangwani inayofurika kila masika makubwa, twapaswa kulisikia onyo hilo. Chombo kilichozama kisirudishwe ndani ya nyumba, wala kisitiwe umeme, mpaka fundi aliyehitimu amekitazama.

Sasa twasema lifanywe nini.

Kwanza, twaiomba Serikali, kwa mkono wa Shirika la Viwango, isiruhusu betri wala chaja kuingia nchini bila ya kupimwa na kutiwa alama. Na ikataze kabisa kuuzwa kwa betri zilizoungwaungwa kwa seli kuukuu. Jambo hili si ndoto. Jiji la New York lilitunga sheria za namna hiyo mwaka 2023, likakataza kuuzwa kwa betri zisizo na cheti cha usalama na zile zilizofumwa upya. Mwaka 2024 idadi ya mioto haikupungua, lakini vifo vilishuka kutoka 18 hadi 6, kwa kuwa watu pia walifundishwa kuziweka betri nje ya vyumba. Elimu na sheria zikishikana mikono huokoa watu.

Pili, makampuni yanayouza na kukopesha pikipiki na bajaji za umeme yalazimishwe kujenga vituo vya kubadilishia betri, kama vile vilivyoko Kigali na Nairobi, ambako dereva huacha betri iliyokwisha akachukua iliyojaa kwa dakika chache. Huo ndio mpango bora kuliko yote kwa mtu wa chumba kimoja, kwa sababu betri haijazwi nyumbani kabisa. Kampuni inayokataa kujenga kituo isipewe ruhusa ya kuuza chombo.

Tatu, wenye nyumba za kupanga watenge mahali nje, chini ya paa lisiloziba hewa, mbali na mlango na ngazi, pawekwe soketi yenye waya mnene na fyuzi yake. Gharama yake si kubwa kuliko gharama ya nyumba.

Nne, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipewe maji, magari na mafunzo ya kupambana na moto huu mpya. Askari anayeelekea kwenye moto wa betri akidhani ni moto wa petroli anahatarisha nafsi yake. Na wananchi nao waijue namba 114 kama wanavyoyajua majina yao, na waipige kwanza, kabla ya kuanza kupiga picha.

Twajua yuko atakayesema kwamba masharti haya yatapandisha bei ya vyombo, na mwananchi maskini atashindwa kununua. Hoja hiyo twaiheshimu, lakini hatuikubali. Betri rahisi ina bei mbili: moja hulipwa dukani, ya pili hulipwa usiku. Tena anayeilipa ile ya pili mara nyingi siye aliyenunua, bali ni mpangaji wa chumba cha jirani, bibi aliyelala, au mtoto asiyejua betri ni kitu gani. Si haki faida ya muuzaji mmoja idhaminiwe kwa roho za watu wasiohusika. Ikiwa bei ni nzito, na Serikali ipunguze ushuru kwa betri zilizopimwa, ili kile kilicho salama kiwe pia ndicho kilicho rahisi.

Na kwa ndugu zetu madereva na wenye vyombo twaongeza maneno machache ya nyumbani. Tumia chaja iliyokuja na chombo chako, wala usiazime ya jirani kwa kuwa tundu zinalingana. Usijaze betri usiku watu wamelala, wala juu ya godoro, wala penye njia ya kutokea. Betri iliyovimba, iliyoanguka, iliyopata joto lisilo la kawaida au inayotoa harufu ngeni, itoe nje wala usiijaribu tena. Lakini ikianza kutoa moshi usiishike. Watoe watu, funga mlango nyuma yako, kisha piga simu. Na wewe unayeendelea na petroli, usifikiri kwamba maneno haya hayakuhusu. Dumu lako lisilale ndani, chupa zako zisikae karibu na jiko, na siku lori la mafuta litakapoanguka karibu na kwako, geuza uso wako uende mbali nalo, ukikumbuka Morogoro.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa petroli tuliuacha miaka mingi, na ukuta tumeujenga kwa makaburi. Ufa wa umeme bado ni mwembamba, nao waonekana waziwazi kwa yeyote anayetaka kuuona: uko ukumbini mwa nyumba za kupanga, penye waya wa ekstensheni na mlango mmoja. Twawataka wenye mamlaka, wafanya biashara, wenye nyumba na madereva, kila mmoja kwa sehemu yake, wauzibe sasa, vyombo vikiwa bado vyahesabika na watu wetu wakiwa bado hai.